Funga Mdomo, Picha Itoke Vizuri

Nekesa, mama,

Mama yako ameenda kulala na kuniachia kazi. Amesema, "Wewe ndiye una maneno, mwandikie. Mwambie amwache Nasimiyu hapa kwanza mpaka aone hali ya huko. Olenguruone ni baridi, mtoto atashikwa na kifua. Mimi nikisema naonekana mbishi." Nikamwambia kweli unaonekana. Akanitazama vile anavyotazama maziwa yanayotaka kumwagika jikoni, akaenda zake.

Basi hii ndiyo barua ya kukuomba umwache mtoto. Nimeianza hivyo ili kesho nikiulizwa niweze kuapa kwamba niliianza.

Mambo ya sweta, gumbuti na blanketi la ziada ameshakwambia, na yale aliyoyasahau atayasema ukiwa umeshapanda gari. Namna ya kuishi na walimu wenzako siijui. Mimi nimejiajiri maisha yangu yote, na hata na mwajiri huyo tumegombana. Nataka tuzungumze juu ya Jumapili.

Mpango ulikuwa umekubalika. Wewe utangulie Olenguruone, uanze kazi kwenye hiyo shule ya chekechea, upate chumba kisichovuja, na binti yako abaki nasi hapa Kiamunyi mpaka shule zifungwe. Hakuna aliyelia. Halafu tukatoka kanisani, mtoto ana gauni lake la manjano, jua ni zuri, nikaleta kamera nje. Alisimama karibu na tangi la maji akicheka, kile kicheko chake cha kuonyesha kila kitu mpaka kimio. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema: "Nasimiyu, funga mdomo, picha itoke vizuri."

Akafunga. Mtoto wa miaka mitatu hatii chochote, hata ukimwambia asile sabuni. Lakini hilo alilitii mara moja.

Wewe ulikuwa unaanua nguo. Ulizikunja zako, ukazikunja zake, na jioni nilipopita chumbani nikaziona zote ndani ya begi moja. Mama yako anadhani tunabishana juu ya baridi. Mimi na wewe tunajua hatubishani juu ya baridi.

Umekua ukijua baba yako ni mpiga picha, lakini sidhani nimewahi kukueleza kazi hiyo ilikuwaje pale Rongai, kabla simu hazijamfanya kila mtu fundi. Studio ilikuwa chumba kimoja kati ya kinu cha unga na duka la magunia, kwa hiyo wateja wangu wote walitoka weupe kidogo, hata wale ambao hawakuomba. Wapiga picha wa kwingine humwambia mtu "cheka". Mimi sikuwahi kujisumbua. Mtu wa kwetu ukimwambia acheke mbele ya kamera anakaza midomo kama fundi wa mbao aliyeshika misumari kwa meno. Nina picha za harusi ambazo ukoo mzima umesimama kama watu wanaosukutua maji, wanangoja ruhusa ya kutema. Hakuna aliyewaambia. Aliyekulia kwenye visima vya huku anajua anachoficha: meno ya kahawia, mengine na madoa, mengine yamemeguka pembeni kama kikombe cha hotelini. Yangu ni hivyo hivyo. Babu yako aliletwa Nakuru na kazi ya reli, nikazaliwa kwenye nyumba za reli, nikayanywa maji ya huku kabla sijajua kuyataja.

Sasa, mtu anayeshinda akitazama midomo ya watu hujifunza kitu hata kama hakupenda shule. Mama yako alikuja huku akiwa msichana mkubwa kutoka Kimilili, na meno yake ni meupe mpaka leo. Kulikuwa na familia moja niliyoipiga picha kila Krismasi: wakubwa wawili waliozaliwa Kakamega walikuwa na meno meupe, wadogo watatu waliozaliwa Rongai walikuwa na ya kahawia. Nyumba moja, sahani moja, Mungu mmoja. Nikaanza kufanya mchezo. Ndugu wawili wa biashara ya mahindi wanaingia, wanaketi, nawatazama kidogo wakisalimiana, halafu nasema:

"Boss, wewe mdogo ulizaliwa huku. Lakini huyu kaka yako alikuja na lori akiwa mkubwa tayari."

"Aii! Mzee, nani amekwambia?"

"Kamera inaona."

"Wacha! Hii kamera ni ya mganga."

Walicheka, mkono mdomoni, na wakati mwingine walirudi na wenzao waje kumwona mganga. Nilijiona mjanja sana.

Unaona, mama? Nilikuwa nimeshika jibu mkononi. Nilijua hayo meno hayatoki kwa uchafu wala kwa ukoo, yanatoka kwa mahali. Nilikuwa nimebakisha swali moja tu: mahali hapa pana nini? Sikuliuliza. Nililitumia jibu langu kuchekesha wateja, na jioni nikafunga studio, nikabeba mtungi, nikakuchotea maji ya kisima kile kile cha plotini, mama yako akakukorogea uji.

Jino lako la kwanza la mbele liling'oka ukitafuna muwa. Ulilitupa juu ya mabati kama watoto wote, ukapiga kelele, "Chukua la zamani, nipe jipya!" Halafu, kwa sauti ndogo ambayo hukujua naisikia, ukaongeza, "Jeupe." Nilikuwa nyuma ya nyumba natengeneza baiskeli. Nikacheka, nikaona nina mtoto mwerevu. Jipya likaja na doa katikati, kama kitambaa cha meza kilichowekewa kikombe cha chai.

Desemba hiyo tulikwenda Webuye kwa mama yangu, huyo uliyerithi jina lake. Alikuwa amerudi nyumbani baba alipostaafu reli. Binamu zako wakakuzunguka uani.

"Nekesa, si hizo meno zimeungua! Nani alisahau kuzitoa kwa jiko?"

"Wachana naye, huko Nakuru wanapiga mswaki na chai."

Na wewe ulicheka pamoja nao, mdomo wazi kabisa. Hukuwa umejua bado kwamba ni kitu cha kufichwa. Aliyechomwa ni mimi, nimekaa pale na kikombe, mtu mzima mwenye studio. Mama yangu akakuvuta, akakuinua kidevu, akatazama. "Kumbe na huyu. Wewe mwanangu nilikusugua kwa majivu mpaka mkono ukachoka." Akanitazama mimi. "Labda sikusugua vya kutosha."

Mtu aliyekuwa akijiita mganga wa kamera alisahau siku hiyo kila alichokiona kwa macho yake. Aibu haina macho. Tuliporudi Rongai nikaanza: kila asubuhi nyuma ya nyumba, pale kwenye pipa la maji. Kwanza majivu. Kisha makaa yaliyosagwa. Kisha, kwa sababu mimi ni mtu wa kufikiri, ule unga wa kusugulia sufuria. Nilikushika kidevu kwa mkono mmoja.

"Baba, inauma."

"Ni uchafu unaotoka."

Nimewadanganya maharusi wengi kwamba wametokea vizuri, na sijawahi kukosa usingizi. Hilo moja ndilo linalonirudia. Povu likatoka na damu, nikalisifu kama dalili ya kazi. Mama yako ndiye aliyekata shauri. Alichukua mkebe mzima wa ule unga akautupa chooni, na sufuria zetu zikakaa nyeusi mpaka mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo halina kelele kwa hiyo watu hawalioni. Niliacha kabisa. Pale Rongai wanaume husema meno ya kahawia ni ya chuma, hayaozi, na ili kuthibitisha wanafungulia soda. Nikaliamini neno hilo kwa sababu lilikuwa linafaa. Kwako mswaki ulikuwa kiboko, na mtoto aliyesamehewa kiboko haendi kukitafuta. Sikukuuliza tena kama umepiga mswaki. Tena pale studio nilikuwa na kopo la peremende za kutulizia watoto wakae wima, na wewe ndiye uliyerithi zilizobaki kila jioni. Nilidhani kutunza meno ni kuyapa rangi. Rangi iliposhindikana, nikaona kazi imekwisha.

Na siku ya picha za shule nilikuja shuleni kwenu na tripodi yangu, darasa lenu likapangwa kwa urefu, nikawaambia wote, "Fungeni midomo, picha itoke vizuri." Ulikuwa mstari wa pili. Ulikuwa wa kwanza kufunga.

Nafupisha, kwa sababu yanayofuata unayajua kuliko mimi. Ulikuja nyumbani kutoka bweni ukiwa kidato cha pili, leso imefungwa kichwani na kidevuni, ukasema ni mafua. Mama yako aliona hukugusa sahani yako ya githeri. Kesho yake shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho linataka kufunga. Tukaenda mjini kwa daktari wa meno, mimi na wewe.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko kamera yangu. Akasema, "Fungua mdomo, dada." Hukufungua. Akasema tena, polepole, "Kidogo tu, nione." Na wewe ukageuka, ukanitazama mimi. Hukuwa unaogopa sindano. Sindano ilikuwa bado iko kwenye sinia, imefunikwa. Ulikuwa unaniomba ruhusa.

"Fungua, mama," nikasema. Ndipo ukafungua.

Akachungulia kwa kioo chake kidogo. "Hili gego limeanza kuuma lini?"

"Muhula uliopita."

"Muhula mzima? Na mbona hukumwambia mtu?"

Mimi, ambaye sipendi kuona mahali pametulia, nikajibu kwa niaba yako. "Daktari, hayo meno tumeyahangaikia sana. Rangi haitoki."

"Mzee, sijauliza rangi."

Nadhani hayo ndiyo maneno matatu mazuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mtu aliyevaa glavu, na sikuyashukuru. Akatueleza. Rangi ni madini yaliyomo kwenye maji ya huku. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, yanatoka hivyo, na hakuna mswaki wala majivu yatakayoitoa rangi hiyo. Lakini shimo ni jambo lingine. Shimo ni sukari na kulala bila mswaki, na jino la kahawia linaoza kama la mtu mwingine yeyote. Kisha akagusa meno yako ya mbele, karibu na ufizi.

"Na hapa nani alimkwangua?"

Nikasema, "Ni yeye mwenyewe. Alikuwa anajisugua sana akiwa mdogo."

Ulikuwa na vidole vya daktari mdomoni, hukuweza kunikanusha. Lakini vilitoka, Nekesa, na hukunikanusha. Ulitazama dari. Daktari akaandika kitu, akakuchoma ganzi, akaling'oa lile gego, na akakueleza wewe, wala si mimi, namna ya kushika mswaki wenye nywele laini na kuuzungusha taratibu, asubuhi na kabla ya kulala. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa. Alikuwa anakufundisha upya kitu nilichokuwa nimekufundisha vibaya, mbele yangu, na anadhani mkosaji ni wewe.

Tulipotoka nje nikajaribu kukuchangamsha. Nikasema sasa utatafunia upande mmoja kama mbuzi mzee. Ukacheka, na pamba mdomoni, na mkono wako ukapanda ukafunika. Haraka sana, kama kope. Nilikuwa nimeuona mkono huo kwa wateja wangu miaka yote, nikauona wa kuchekesha. Siku hiyo niliuona kwako, na haukuwa na ucheshi wowote.

Umeubeba mkono huo mpaka leo. Uliporudi kutoka kwenye usaili wa kazi ulitusimulia kama kichekesho: mwalimu mkuu alikuomba uimbe wimbo wa watoto, ukauimba na kiganja mdomoni, akakuletea maji akidhani una kikohozi. Mama yako alicheka mpaka akaketi. Mimi nilitoka nje kuangalia kama geti limefungwa. Lilikuwa limefungwa.

Sijui kama utaniruhusu kusema jambo moja kuhusu hilo. Watoto utakaowafundisha huko ni wa umri ule ambao hawasikilizi maneno, wanasoma uso. Utawaambia wapige mswaki, watasema ndiyo mwalimu, na watatazama mkono wako. Sikwambii ucheke. Mtu aliyemfunga mwenzake hana haki ya kumharakisha afungue. Nakwambia tu nilichokiona kwa kazi yangu: hakuna mtu hata mmoja, kati ya wote waliokaa kwenye kile kiti changu, ambaye nilikumbuka meno yake baada ya kumsikia akicheka. Nilikumbuka kicheko. Waliofunika ndio niliobaki nikiyawaza meno yao.

Na kuna jambo jingine, ambalo nimelijua kwa kukutazama wewe. Uliporudi nyumbani na Nasimiyu akiwa mchanga, kitu cha kwanza ulichofanya, kabla hata ya kufungua mizigo, ni kuuliza maji ya kunywa ya hapa Kiamunyi, tulikohamia baada ya Rongai, yanatoka wapi. Mama yako akasema anachemsha. Ukamwambia kuchemsha kunaua wadudu, lakini madini hayana roho ya kuuawa. Ukanifanya ninunue tangi la maji ya mvua. Ukaleta na chujio la mifupa iliyochomwa, linalonasa hayo madini, na shosho wa jirani, yule bibi mzee, akaja kuuliza kwa siri kama ni mifupa ya ng'ombe au ya punda, kwa sababu siku hizi mtu hawezi kujua. Nilikuona msumbufu. Nilisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba sisi tulikunywa tu na hatukufa. Ulinijibu, "Kweli, baba, hamkufa," ukaendelea kumimina maji.

Kisha nikaona unavyomfundisha. Hukumfundisha kabisa, hilo ndilo lililonishangaza. Ulikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma jioni, ukapiga mswaki wako mwenyewe, ukitazama kuku. Yeye akaja mwenyewe kuona unakula nini. Ukampa mswaki wako, ukafungua mdomo, ukamwacha akusugue wewe kwanza. Alikupiga nao puani, akakuchokoa ufizi, hukumkemea. Alipochoka, zamu yako ikafika, naye akafungua mdomo wake bila kuombwa, kwa sababu hiyo ndiyo haki: nimekusugua, nisugue. Mimi nilikuwa dirishani. Nikajiuliza wewe uliwahi kuniona mimi nikipiga mswaki lini. Hukuwahi. Nilikuwa naamka kabla ya nyote, naenda nyuma ya choo na kijiti changu, kama mtu anayevuta bangi, ili mtu asinione mdomo. Nilitaka ujifunze kitu nilichokificha.

Sasa turudi kwa kazi niliyopewa. Kuna sababu nzuri za kumwacha mtoto hapa. Hutakuwa na mtu wa kumshika siku za mwanzo. Kweli kule juu Mau ni baridi, asubuhi unaona pumzi yako ikitangulia mbele. Mama yako atakonda. Mimi nitazungumza na kamera. Na meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa hivi, ndani kule tusikoona, na hapa tangi lipo na chujio lipo, wakati huko hujui utapata maji gani. Ukifika, uliza maji yanatoka wapi kabla hujauliza choo kiko wapi.

Hizo zote ni hoja nzuri na ningeweza kuzipanga zikushinde. Mama yako anasema kweli, nina maneno. Lakini Jumapili yule mtoto alikuwa na meno meupe pee. Hakuwa na cha kuficha hata kimoja, na bado nilimwambia afiche. Kwa hiyo si rangi tena. Ni kitu kilichokaa ndani yangu mpaka kimeanza kutembea chenyewe. Tangi la mvua halikichuji. Naweza kukuahidi kwamba sitarudia, na nitakuwa namaanisha, lakini hata Jumapili asubuhi ungeniuliza ningekuahidi vilevile. Mama yako alizitupa ahadi zangu nyingi chooni pamoja na ule mkebe.

Na lile la kwa daktari sikuwahi kulisema. Nililisubiri litajwe na wewe, ili nijitetee. Hukulitaja. Basi nalisema mimi: hukujikwangua. Ni mimi. Ungetaka nimwambie yule daktari, nadhani bado yuko mjini, ingawa sasa atakuwa ameshapita umri wa kamera yangu.

Leo jioni ulipokwenda kuwaaga majirani, saa ya mswaki ilifika na wewe hukuwepo. Binti yako hajali nani yupo na nani hayupo. Alikuja na mswaki wake mkononi, akasimama mbele yangu, babu yake.

"Kuka, mswaki wako uko wapi?"

"Mama yako anakuja sasa hivi."

"Lete."

Nikaleta. Ninao, mama yako huninunulia kila mwaka na mimi huutumia kusafishia lenzi. Huu ulikuwa bado mpya. Akanionyesha ngazi kwa kidole. Nikakaa. Akasema fungua.

Sijawahi kumfungulia mtu mdomo penye mwanga, nikiwa macho. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja. Nilifungua kidogo, akaniambia zaidi, nikafungua zaidi, akachungulia kama makanika anayechungulia injini ya lori.

"Kuka, nani alichora?"

"Ni maji."

"Ya kuoga?"

"Ya kunywa. Ya zamani."

Akafikiri. "Ya mama pia?"

"Ya mama pia."

"Na mimi?"

"Wewe bado hatujui. Mama yako anakuchungia."

Hilo likamtosha. Akanisugua. Alianza na yale ya mbele, akaenda mpaka nyuma kabisa kule ambako hata mimi sijafika siku nyingi, akanichoma shavu, akanikanyaga mguu, akapumulia puani mwangu harufu ya maziwa. Machozi yalinitoka, sema ni ule mswaki mpya. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akanitazama, akasema, "Haya, tema." Nikatema. Akaketi kando yangu, akafungua wake.

Nilimsugua taratibu sana, Nekesa. Nilizungusha vile daktari alivyokuambia, maana nami nilikuwa nasikiliza siku ile. Sikumshika kidevu.

Mama yako ataamka kabla yangu na kuniuliza nimekuandikia nini. Nitamwambia baridi ya Olenguruone ina dawa, inaitwa sweta, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifuma. Atanuna mpaka Ijumaa. Nitavumilia. Likizo mtakuja, tutawapokea, na kama bado utakuwa na wasiwasi, utakaa nasi hapo kwenye ngazi ukitazama.

Mswaki wa Nasimiyu nimeuosha nikaukung'uta maji, nikautia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, karibu na soksi zake. Asubuhi usiutafute kwenye kikombe.

Baba yako